Paka au Mbwa Anayejikuna Masikio: Kutambua Utitiri na Kuutibu Mpaka Uishe

Wengi wa paka, mbwa na sungura wenye masikio mabovu ninaowahudumia hapa Dodoma huwa wameshatiwa dawa fulani kabla sijawaona, na dawa hiyo mara nyingi imeshindwa kwa sababu moja kati ya mbili. Ama ilitiwa dawa ya utitiri katika sikio lisilokuwa na utitiri, ama utitiri ulikuwepo kweli lakini dawa iliachwa siku ileile mnyama alipopunguza kujikuna. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kile unachokiona kwa macho yako, unakwenda kwenye chanzo chake, kisha ndipo unafika kwenye tiba.

Utitiri wa masikio, ambao wataalamu wanauita Otodectes cynotis, ni mdudu mweupe mwenye miguu minane asiyezidi nusu milimita, anayeishi juu ya ngozi ndani ya mfereji wa sikio na kula nta na mabaki ya ngozi. Hachimbi ngozi kama anavyofanya mdudu wa upele, lakini kutembea kwake na kinyesi chake huwasha vikali, na wanyama wengine hupata mzio unaowatesa hata kama wadudu ni wachache. Yai huanguliwa baada ya siku 4 hivi, na kutoka yai hadi mdudu mzima hupita takribani wiki 3. Mdudu mzima huweza kuishi kama miezi 2. Hizo wiki 3 zikumbuke, kwa kuwa ndizo zinazoamua dawa itolewe kwa muda gani.

Uambukizo ni wa kugusana. Paka mama huwapa wanawe wakati wa kunyonyesha, paka humpa mbwa anayelala naye kibarazani, na mbwa humrudishia paka. Binadamu hupata vipele vya muda kwa nadra sana, na vipele hivyo hupotea wanyama wakitibiwa.

Uchafu mweusi mkavu, masikio yote mawili, kujikuna mchana na usiku

Hii ndiyo sura ya utitiri wenyewe. Ukilikunjua sikio unaona uchafu wa rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, mkavu na wenye chembechembe kama mashapo ya kahawa, na mnyama hutikisa kichwa au huanza kupiga mguu wa nyuma hewani pindi unapomsugua shina la sikio. Paka wadogo ndio wanaoshambuliwa zaidi. Nyuma ya masikio na shingoni utakuta michubuko na manyoya yaliyonyonyoka, na hayo ni kazi ya kucha zake mwenyewe.

Usichanganye uchafu huu na vumbi letu. Mnyama anayelala kwenye mchanga wa Nkuhungu au Nzuguni katika miezi ya kiangazi huwa na vumbi jekundu kwenye sehemu ya nje ya sikio, lakini vumbi hilo hutoka kwa kufutwa mara moja, wala halirudi kutoka ndani ya mfereji baada ya siku mbili.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi na ninakisisitiza kuliko jambo jingine lolote katika mwongozo huu. Mtoto mmoja wa Ipagala aliwahi kuniletea paka wa miezi miwili hivi akiwa amemviringisha kwenye kanga, kichwa tu kikionekana, na familia ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba paka ana “ugonjwa wa masikio” usio na jina. Nililowanisha pamba kidogo kwa mafuta safi ya alizeti, nikapangusa uchafu wa sehemu ya juu ya sikio, nikaupaka juu ya jalada jeusi la daftari na kuliweka mlangoni penye jua la saa nne asubuhi. Kwa dakika moja hakuna kilichotokea. Kisha ndani ya ule uchafu vikaanza kujitenga vijidoa vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi ya mezani, vikitembea polepole kuelekea ukingoni mwa tone la mafuta. Yule mtoto alivihesabu hadi 11 kabla ya kuniuliza kama vyote vilitoka katika sikio moja.

Ukiwa na kioo cha kukuzia utaviona vizuri zaidi, hasa chenye uwezo wa kukuza mara 10. Fanya kipimo hicho kwa kila sikio na kwa kila mnyama wa nyumbani, kwa sababu mnyama asiyejikuna naye anaweza kuwa mbebaji. Usipoona kitu, usitangaze kwamba hakuna utitiri. Paka na mbwa wakubwa wanaweza kuwa na wadudu wachache tu huku mwili ukiwakasirikia sana, na hapo inahitajika hadubini, au kifaa chenye taa ambacho daktari wa mifugo hukitumia kutazama ndani ya mfereji.

Sikio moja tu, na tatizo limeanza ghafla

Utitiri hukaa masikio yote mawili karibu mara zote. Mbwa aliyekuwa mzima asubuhi, kisha jioni anainamisha kichwa upande mmoja, anatikisa kwa nguvu na kulia ukimgusa, mfikirie kwanza kitu kilichoingia. Kwetu mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, na kuanzia hapo nyasi zinapokauka mbegu zake zenye ncha na vinyweleo huwa hatari kubwa kwa mbwa wanaofuatana na mifugo malishoni, kwa sababu mbegu ya namna hiyo husonga mbele tu na hairudi nyuma. Inaweza kufika kwenye kiwambo cha sikio na kukitoboa. Usiifuate kwa kibano ndani ya mfereji. Mpeleke mnyama kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa mara nyingi huhitaji dawa ya kumtuliza ndipo mbegu itolewe.

Chanzo kingine ni kupe aliyejibanza kwenye mikunjo ya ndani ya sikio. Kupe anayeonekana unaweza kumwondoa mwenyewe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumminya tumbo.

Sikio lina unyevu, usaha au harufu mbaya

Uchafu wa utitiri mtupu hauna harufu kali. Harufu ya uchachu pamoja na nta laini ya rangi ya kahawia au manjano huashiria kuvu wa jamii ya hamira, na usaha wenye kunuka huashiria bakteria. Kwa mbwa, hasa mbwa mkubwa mwenye masikio yanayoning’inia, haya mawili ni ya kawaida kuliko utitiri, na nyuma yake mara nyingi kuna mzio wa ngozi unaorudi kila mwaka.

Ugumu ni kwamba matatizo haya hufuatana. Utitiri huchubua na kuvuruga mfereji, bakteria huingia, kisha utitiri unakufa kwa dawa na maambukizi yanabaki. Mwenye mnyama husema dawa haikufanya kazi, na ukweli ni kwamba ilifanya kazi yake lakini iliyobaki ni kazi ya dawa nyingine. Daktari atachukua sampuli ya uchafu, aipake rangi na kuitazama kwa hadubini, na kwa kipimo hicho cha dakika chache atajua atumie dawa ya kuvu, ya bakteria au zote mbili. Kabla ya hapo atahakikisha kiwambo cha sikio ni kizima, kwa kuwa zipo dawa za masikio zinazoweza kumfanya mnyama kiziwi zikipenya kiwambo kilichotoboka.

Magamba na vidonda viko ukingoni, si ndani

Ukiukuta mfereji ni safi huku kingo za sikio zikiwa na shida, huo si utitiri wa masikio. Paka mwenye ukoko wa kijivu ulioanzia kwenye ncha za masikio na kushuka usoni, akijikuna hadi kutoa damu, yaelekea ana upele wa paka. Mbwa mwenye magamba kingoni mwa masikio, viwikoni na tumboni yaelekea ana upele wa mbwa. Upele huu humwasha pia binadamu anayemkumbatia mnyama, kwa hiyo ukianza kujikuna mikono na tumbo mwambie daktari.

Pale ambapo kuku wanalala jirani na paka, tazama kama ukingo wa sikio una kundi la vidoa vyeusi vilivyogandamana ambavyo havikimbii ukivigusa. Hao ni viroboto wa kuku, wanaong’ang’ania ngozi mahali pamoja. Paka utamtibu leo na kesho atawapata tena, mpaka kuku wenyewe na banda lao watibiwe.

Nzi nao huwauma mbwa wa nje kwenye ncha za masikio na kuacha vidonda vyenye damu iliyoganda. Na kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio la paka mweupe, katika jua kali kama letu, kichunguzwe mapema, kwa sababu kinaweza kuwa saratani ya ngozi.

Sikio limevimba na kuwa kama mfuko wa maji

Mnyama ametikisa kichwa hadi mishipa midogo imepasuka na damu imejaa kati ya ngozi na gegedu. Usitoboe kwa sindano nyumbani, kwani damu itarudi na sikio linaweza kuoza. Daktari atalishughulikia, lakini lazima pia atafute kilichosababisha kutikisa.

Kichwa kimeinama, anazunguka, anayumba au macho yanachezacheza

Tatizo limefika sikio la kati au la ndani, au liko kwenye ubongo. Hii ni dharura na haina tiba ya nyumbani. Vilevile mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mengi, asiyeweza kumeza au anayeng’ata bila sababu, usimshike sikio kabisa. Kichaa cha mbwa kipo nchini kwetu. Mfungie mahali na umwite afisa mifugo. Aliyeng’atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo.

Sungura ana ukoko mnene ndani ya sikio

Sungura ana utitiri wake mwingine, Psoroptes cuniculi, unaotoboa ngozi na kufyonza majimaji yake. Ukoko wake hujipanga tabaka juu ya tabaka hadi kujaza sikio zima, na chini yake ngozi ni mbichi kabisa. Wafugaji hupenda kuubandua wakidhani wanasafisha. Tafadhali usifanye hivyo, kwa kuwa ni maumivu makali mno kwa mnyama anayelia kwa nadra sana. Akipewa dawa sahihi kwa kipimo cha uzito wake ukoko utalainika na kudondoka wenyewe. Sungura wote wa banda watibiwe pamoja, majani na mabaki ya matandiko yachomwe, na dawa yoyote ya viroboto na kupe yenye fiproni isimguse sungura, kwa sababu inaweza kumuua.

Tiba ukishathibitisha kwamba ni utitiri

Anza kwa kusafisha, kwa kuwa dawa ya matone haiwezi kupita kwenye uchafu mzito. Mviringishe paka kwenye taulo au kanga nzito na umpakate mgongo wake ukiwa kifuani kwako. Jaza mfereji kwa dawa ya kusafishia masikio ya wanyama iliyopashwa joto la mwili mfukoni mwako, au, ikikosekana na kiwambo kikiwa kizima, kwa matone machache ya mafuta safi ya kula. Sugua shina la sikio kwa sekunde 30 mpaka usikie mlio wa majimaji yanayochezacheza ndani, mwachie atikise kichwa, kisha futa kwa pamba kile tu kilichopanda juu. Mfereji wa mbwa na paka hushuka wima halafu unakata kona kuingia ndani, kwa hiyo kijiti cha pamba husukuma uchafu chini badala ya kuutoa.

Mafuta pekee huweza kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu, lakini mayai hubaki, na ndiyo maana nafuu yake ni ya siku chache. Dawa zinazoaminika zaidi leo ni zile za matone yanayotiwa kwenye ngozi ya shingo, zenye selamektini au moksidektini, ambazo huzunguka mwilini na kuwapata hata wadudu waliotoka sikioni wakahamia mkiani na miguuni. Kwa mbwa, baadhi ya vidonge vya kutafuna vinavyonunuliwa kwa ajili ya kupe na viroboto, vya kundi la isoksazolini, huua pia utitiri wa masikio. Mbwa mwenye historia ya degedege asipewe bila ushauri wa daktari. Dozi moja mara nyingi huanza kazi vizuri, na daktari huweza kuagiza irudiwe baada ya mwezi. Ukipewa matone ya kutia sikioni, yatumie kwa siku zote ulizoandikiwa, na matibabu yote kwa jumla yavuke zile wiki 3, kwa sababu yai lililotagwa leo halijaguswa na dawa nyingi.

Sasa kuhusu ivermektini ya sindano, ambayo inapatikana katika kila duka la dawa za mifugo kuanzia Majengo hadi Kongwa na ambayo kila mtu huniuliza. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita na imetengenezwa kwa ng’ombe kwa kipimo cha mililita 1 kwa kilo 50. Paka wa kilo 3 kwa hesabu hiyohiyo angehitaji mililita 0.06, na katika bomba la sindano la mililita 5 mstari mdogo kabisa ni mililita 0.2. Anayekadiria kwa jicho humpa paka zaidi ya mara tatu ya kipimo bila kujua. Paka wadogo hupooza, hutetemeka na kufa kwa kosa hili, na mbwa wa jamii ya collie pamoja na machotara wao wana maumbile yanayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Daktari anaweza kuitumia akiwa amempima mnyama uzito na kuipunguza makali, wewe usiitumie.

Dawa za kuogeshea ng’ombe na mbuzi zina hatari nyingine. Permethrini na ndugu zake humsababishia paka mitetemo na degedege hata kwa kiasi kinachomfaa mbwa, na amitrazi nayo haimfai paka. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, spiriti na maji ya ugoro vyote nimevikuta ndani ya masikio ya wanyama. Vinaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, nikotini iliyomo kwenye ugoro ni sumu inayopita kwenye ngozi, na paka hujilamba, kwa hiyo chochote kinachotiwa sikioni hatimaye kinafika tumboni.

Umetibu lakini anajikuna tena

Jiulize kwanza kama wanyama wote walitibiwa siku moja. Paka wa yule mtoto wa Ipagala alipona, akarudi baada ya wiki 5 akiwa na uchafu uleule, na tulipofuatilia tukamkuta mama yake akiishi nyumba ya pili, akija kila jioni kulala naye chini ya gari. Ilibidi nyumba mbili zikubaliane kutibu paka wanne na mbwa mmoja kwa pamoja.

Pili, hesabu siku. Mwanzoni mwa kazi hii mimi mwenyewe niliacha kumtia paka wangu matone siku ya 10 kwa sababu alikuwa ametulia, na mwezi haukuisha kabla hajaanza tena. Siku ya 10 wadudu wazima walikuwa wamekufa, ila wachanga walikuwa wakikua.

Tatu, tazama mahali anapolala. Utitiri huweza kuishi siku kadhaa nje ya mwili wa mnyama, hivyo magunia, mablanketi na mito yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na yale yasiyofulika yatupwe. Kwa kuwa wadudu hawa hawawezi kudumu bila mnyama, hakuna haja ya kupulizia nyumba nzima dawa ya wadudu.

Nne, rudia kile kipimo cha mafuta na jalada jeusi. Kama hakuna kinachotembea lakini sikio bado ni jekundu, lina joto au linanuka, acha dawa ya utitiri na utafute daktari achunguze kuvu, bakteria au mzio. Wilayani, afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Wengi wetu hapa kanda ya kati tumezoea ng’ombe na mbuzi zaidi, kwa hiyo uliza waziwazi kama anahudumia paka na mbwa na kama ana hadubini.

Kipimo cha mwisho kifanyike siku ya 30 tangu dozi ya kwanza, kwa kila sikio la kila mnyama, mahali penye jua. Ukitazama kwa dakika tano bila kuona kidoa kinachosogea, na uchafu mweusi haujajikusanya tena tangu usafishaji wa mwisho, rudia mara moja zaidi baada ya wiki 2, kisha unaweza kusimamisha matibabu.